Boksi la Dola 25

Bolton,
Jumapili usiku

Mwanangu Salim,

Mimi sijambo, ila magoti ndiyo yanayonikumbusha kila alfajiri kwamba baridi ya huku haina adabu kwa wazee. Hofu na mashaka ni juu yako uliye ugenini. Baba yako alinipigia juzi kutoka Tanga kunieleza kwamba umefaulu mitihani ya muhula, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia akaona haya. Hongera, mwanangu. Hongera na wewe, kaka, maana najua barua hii itapigwa picha na kufika Tanga kabla wino haujakauka, na wifi ataisoma wa kwanza halafu atajifanya hakuiona.

Ujumbe wako wa sauti wa Jumatano nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikapiga kigelegele, jirani akagonga ukuta. Unasema umelipata duka la santuri upande wa mashariki wa Detroit, kibao chake kimechujuka hakisomeki, na ndani kuna bibi mzee amekaa na hita miguuni. Duka lilikuwa la mumewe, marehemu sasa, naye analimaliza kidogo kidogo, mwisho wa mwezi anafunga. Akakupa boksi zima la santuri ndogo, themanini na kitu, kwa dola 25. Ulipofika chumbani ukazitafuta moja moja kwenye intaneti, ukakuta mojawapo, ya lebo ambayo hata mimi sijapata kuiona kwa macho, iliuzwa mwaka jana kwa dola 900. Hapo ukacheka, ukasema, "Shangazi, bibi wa watu hajui hata alichokuwa nacho."

Mara ya pili sikupiga kigelegele. Mara ya tatu nilikaa kwenye ngazi na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Nitalirudia hilo. Kwanza nikueleze jinsi ugonjwa huu ulivyoingia katika ukoo wetu, usije ukadhani wewe ndiye uliyeuleta.

Babu yako alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri saba za Siti binti Saad, katika zile ambazo Siti alivuka bahari mwaka 1928 kwenda kuzirekodi Bombay. Alizilaza kwenye sanduku la nguo, katikati ya kanzu za Idi, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Baba yako, akiwa na miaka mitano, aliikalia moja. Santuri za zama zile ni kama kigae, ilipasuka vipande vitatu. Babu hakumpiga. Alivifunga vile vipande kwenye kitambaa, akavirudisha sandukuni, na siku aliyofariki tulivikuta humo humo. (Kaka, hili watoto wako walikuwa hawalijui? Basi wamelijua leo.)

Mimi nilianzia kwenye soul. Mwaka 1969 nilikuwa nasoma Dar es Salaam. Mwaka wenyewe ulifunguliwa na Operesheni Vijana, Vijana wa TANU wakipita mitaani kukagua sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Ilipofika Novemba, muziki wa soul nao ukapigwa marufuku mjini. Tuliambiwa ni utamaduni wa kigeni unaoharibu vijana. Sikuwa na umri wa kubishana na wakubwa, lakini nilikuwa na masikio, na masikio yangu yaliniambia kwamba yule Otis Redding analia kama mtu wa kwetu aliyefiwa. Nilikuwa na santuri yake moja, niliyoazimwa na rafiki tuliyekutana kwenye bugi, yale madansi yetu ya mchana. Niliifunga kwenye khanga nikaificha chini ya godoro. Rafiki yule mpaka leo sijamrudishia, Mungu anisamehe.

Mwaka 1972 nikaja huku Lancashire kusomea uuguzi. Mvua, matofali mekundu, na chakula kisicho na chumvi. Nikajua soul nimeiacha Dar. Kumbe kijana mmoja aliyekuwa akisukuma vitanda vya wagonjwa pale hospitalini alinisikia nikiimba kwa sauti ya chini nikitandika shuka, akaniuliza kama nimeshafika Wigan Casino.

Salim, sijui nikueleze vipi ukaamini. Ukumbi ulifunguliwa kwa muziki huo Septemba 1973, mimi nikafika mwaka uliofuata. Watu wanaingia usiku wa manane, wanacheza mpaka saa mbili asubuhi, na pombe haiuzwi. Wamemwaga poda sakafuni ili viatu viteleze. Na wanaocheza ni watoto wa Kizungu, watoto wa wachimba makaa na wafuma pamba, wanaruka, wanazunguka, wanajiangusha na kuinuka, kwa nyimbo za watu weusi wa Detroit na Chicago ambao kwao wenyewe hakuna aliyewajua. Mimi nilisimama ukutani na mkoba wangu, nikawaza: muziki huu huku wanauabudu, kwetu wameupiga marufuku, na aliyeuimba pengine anaendesha basi. Nilikuwa peke yangu, mwanamke wa pwani katikati ya umati ule, na ajabu ni kwamba hakuna aliyenitazama. Kila mmoja alikuwa anasikiliza.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wewe, na hao vijana wenzako wa kupiga picha maboksi, bado hamjalifahamu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika santuri za soul wahenga walikosea. Hizi mnazoziita adimu ni adimu kwa sababu hazikuuzwa. Mtu na nduguye walichanga fedha, wakakodi studio kwa saa chache, wakatoa nakala mia kadhaa, wakazizungusha kwenye vituo vya redio wakafukuzwa mlangoni. Zilizobaki zikaozea ghalani. Gloria Jones aliimba Tainted Love mwaka 1965, wakaiweka upande wa pili wa santuri, upande wa mkiani, na haikufika popote. Miaka minane baadaye dijei mmoja wa huku kaskazini akaiokota Marekani, akaileta, sisi tukaicheza mpaka soli zikaisha. Mwaka 1981 vijana wawili wa Kiingereza, Soft Cell, wakaiimba upya, ikashika namba moja. Ndiyo maana nakwambia kila siku: usiisome santuri upande mmoja. Igeuze.

Na Frank Wilson je? Kampuni ya Motown ilimtengenezea santuri ya Do I Love You mwaka huo huo wa 1965, kisha ikaghairi kuitoa, nakala zikaharibiwa, naye akabaki mtunzi na mtayarishaji wa nyimbo za wenzake. Kwa miaka mingi nakala za asili zilizojulikana kuwa zimesalimika zilikuwa mbili tu. Mwaka 2009 moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Watu walishangilia bei. Mimi nilifikiria kwamba katika biashara ya vitu kuukuu mwimbaji hana fungu, iwe pauni 25,000 au peni mbili. Bei ile ni ya uchache. Si bei ya wimbo wenyewe.

Basi nami nikawa mwindaji. Kila Jumamosi nikitoka zamu ya usiku sikulala, nilipanda basi kwenda Manchester, kwenye vibanda vya sokoni na vijiduka vya ghorofa ya chini vyenye harufu ya karatasi iliyolowa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika santuri hiyo si methali, ni maelekezo ya njia. Yaliyo juu ya meza yameshapekuliwa na kila mtu. Yale maboksi ya chini, yanayokutaka upige magoti kwenye zege, ndiyo yenye neno. Unapekua kwa vidole viwili, kucha zinakuwa nyeusi, shingo inakakamaa, unapita santuri mia mbili za Krismasi na za watoto, halafu kidole kinasimama chenyewe. Tundu kubwa la katikati, la Kimarekani. Lebo usiyoijua. Mji umeandikwa kwa herufi ndogo chini: Detroit, Michigan. Moyo unapiga, nawe inabidi uso wako uwe wa mtu anayenunua vitunguu, ukionyesha tu unapandishiwa bei.

Niliibiwa pia, usidhani shangazi yako alizaliwa na akili. Duka moja, silitaji, liliniuzia santuri niliyoililia mwaka mzima. Ilikula mshahara wangu wa wiki. Nikaipeleka Wigan nikajigamba nayo, kijana mmoja akaichukua, akaielekeza kwenye taa kwa upande, akanirudishia bila neno. Nilipomsihi ndipo akanionyesha pale patupu, baina ya mwisho wa wimbo na karatasi ya lebo. Pale ndipo kiwanda kinapoacha alama zake. Kwenye ya asili aliyoijua yeye, namba zilipigwa kwa mashine, zimenyooka. Kwenye yangu zilikwaruzwa kwa mkono, zimepinda kama mwandiko wa daktari. Ilikuwa ya kughushi, iliyotengenezwa huku huku Uingereza. Si kila mwandiko wa mkono ni uongo, hilo ulijue, viwanda vingi vya kweli navyo vilikwaruza. Kinachotakiwa ni kuijua ya asili ilikuwaje kabla hujatoa pesa. Sikurudi kugombana na mwenye duka. Nilikula mkate na chai siku sita.

Jingine: santuri nyingi ndogo za Marekani si vinyli, ni plastiki ngumu wanayoiita stairini. Ni nyepesi, lebo yake imegandishwa kwa gundi, na ukiigonga kwa ukucha inalia kikavu. Usiikunje hata kidogo kuipima, itapasuka kama ile ya babu. Na sindano nzito iliyochakaa inaila upesi, ukiisikiliza unasikia mvua juu ya bati. Itazame uzuri wake ukitaka, lakini ikikwambia shhh kuanzia mwanzo hadi mwisho, irudishe. Usizilaze, zisimamishe. Usiziache garini wakati wa kiangazi. Haya mengine utajifunza kwa hasara kama sisi.

Kodi ya nyumba usiiguse. Nimesikia kutoka kwa mtu, sitamtaja, wifi anamjua, kwamba mwezi wa Oktoba ulichelewa kulipa. Salim, santuri haifungui mlango ukifungiwa nje kwenye theluji.

Sasa tuje kwa bibi.

Kabla hujaingia tena duka lolote la mji ule, ujue umesimama wapi. Palikuwa na mtu Detroit, Joe Von Battle, alifungua duka lake la santuri Mtaa wa Hastings mwaka 1945. Nyuma ya duka alikuwa na mashine za kurekodia, na ndiye aliyerekodi mahubiri ya Mchungaji C. L. Franklin, na binti yake Aretha angali mtoto. Serikali ikaubomoa Mtaa wa Hastings kupitisha barabara kuu, naye akahamia Mtaa wa 12. Julai 1967 ghasia zikalipuka kwenye mtaa huo huo, duka likaangamia, na kanda alizokuwa amezihifadhi zikaharibika. Miaka ishirini na zaidi ya sauti za watu, imekwenda kwa moto na maji. Sasa wewe unaniambia bibi amekaa na hita miguuni katika duka ambalo mumewe aliliweka hai mpaka anafariki. Unajua maboksi yale yamenusurika na mangapi?

Na mara nyingi walioifanya kazi hawaandikwi. Wapiga ala wa Motown wenyewe, waliopiga karibu kila kitu, hawakuona majina yao kwenye jalada mpaka Marvin Gaye alipowaandika kwenye What's Going On mwaka 1971. Usiku walikuwa wakitoroka kwenda kupigia studio ndogo za mji huo huo ili waongeze kipato, na baadhi ya hizo lebo ndogo mnazozifukuzia leo, Ric-Tic na wenzake, mikono ni yao. Wamepunjwa na wenye studio. Wajane wao wanapunjwa na wenye intaneti.

Nakuandikia hili nikiwa na haki ya kuliandika, maana nililifanya. Mwaka 1978 muuguzi mwenzangu, mtu wa Barbados, alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Mwanamke mpole, alinifundisha kushona jeraha na kupika wali wa huku usishikane. Alikuwa na boksi la santuri alizoachiwa na kaka yake, akaniuliza kama nitalinunua, nikampa pauni tatu. Nilipokuwa namhesabia nilishaiona. Ilikuwa ya nne kutoka mbele. Nilijua ni nini na nilijua bei yake, na niliufanya uso wangu ule uso wa vitunguu. Mwezi uliofuata niliiuza Wigan kwa pauni 60, nikanunua koti la sufu la kijani. Aliniandikia barua kutoka Bridgetown, ya kunishukuru kwa kumsaidia kufunga mizigo. Sikumjibu. Akaandika ya pili wakati wa Pasaka. Sikumjibu. Nilikuwa nalivaa koti kila siku na kila siku nikijiambia biashara ni biashara, aliuza kwa hiari yake, mimi ndiye niliyekuwa na maarifa. Maneno hayo hayo niliyasikia kwako Jumatano, na kicheko juu yake.

Sokoni, kwa mtu wa sokoni, ficha uso wako, ndiyo mchezo wenyewe na yeye anaucheza pia. Aliyeniuzia ya kughushi aliucheza akanishinda. Lakini yule bibi si mfanyabiashara. Anafunga nyumba ya marehemu. Huwezi kumchezea mchezo mtu ambaye hajui kwamba unachezwa.

Kwa hiyo utarudi kwake. Usiende na hotuba, mkazi wa Detroit wa umri ule ameshasikia hotuba za kutosha. Mchukulie kitu, maandazi ukiweza kuyapika, kama huwezi basi keki. Mtolee ile santuri kwenye mfuko, mwonyeshe bei uliyoiona kwenye simu, mweleze kwamba siku ile hukujua na sasa umejua. Akiitaka, mrudishie kwa mikono miwili. Akisema ni yako, chukua, ila mpe kitu cha maana, na muulize mumewe aliipata wapi na nani aliyeimba. Andika atakachokwambia, jina kwa jina, na umwombe akutamkie herufi. Halafu uliza kama anahitaji mtu wa kumbebea maboksi mpaka siku ya kufunga. Una mikono na una Jumamosi.

Ijumaa nitakutumia pauni 200. Si za santuri wala si za kodi, ni za kumpa yeye. Koti la kijani nililigawa zamani, lakini hesabu yake sijaifunga, na Bridgetown sina tena anwani.

Duka linafungwa mwisho wa mwezi. Nenda Jumamosi hii asubuhi. Ukitoka nipigie hapo hapo barabarani, huku itakuwa alasiri na nitakuwa nimekaa na simu.

Wasalaam,
Shangazi yako